Kuzoea si kustahimili



Kuna neno ambalo ninalisikia kila siku vinywani mwenu, nanyi mlilirithi kutoka vinywani mwetu sisi wazazi wenu. Umeme ukikatika siku tatu mfululizo, mtu husema: «Tulisha kuzobelea.» Mwalimu asipolipwa mshahara wake, husema: «Tulisha kuzobelea.» Mwenye bunduki akisimamisha pikipiki barabarani na kunyoosha mkono, abiria hutoa noti, hugeuza uso pembeni na kusema neno lile lile. Na msichana anapodaiwa mwili wake ili apate pointi za mtihani au nafasi ya kazi, hukosi kumsikia jirani akimwambia kwa sauti ya chini: ndivyo dunia ilivyo, wenzako walisha kuzobelea.

Kwa upande wa pili tunapokea sifa. Wageni wanaokuja kutufanyia semina katika kumbi zetu hutuambia kwamba Wakongo ni watu wenye ustahimilivu wa ajabu. Neno hilo limeandikwa kwenye mabango na kwenye fulana. Sisi tunapiga makofi, tunakunywa soda, tunatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, kisha tunarudi nyumbani kama tulivyokuja. Leo ninaandika kuyapinga yote mawili: neno lile la kukata tamaa, na sifa hii inayolifunika kama shuka safi juu ya godoro bovu. Mtu aliyeuzoea ubaya si mstahimilivu. Ameshindwa, na hata habari za kushindwa kwake bado hazijamfikia.

Msidhani kwamba ninawahukumu nikiwa nimekaa juu ya mlima. Mimi mwenyewe nilizoea, nami nitawaeleza jinsi nilivyozoea.

Nilianza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mshahara wa Serikali ulikuwa umekuwa kama mvua ya kiangazi. Ikakubaliwa basi kwamba wazazi wawalipe walimu, na iliposemwa hivyo ilisemwa kuwa ni kwa muda. Kila mwezi mkurugenzi aliniletea orodha ya wasiolipa minervali. Kazi yangu ilikuwa kuisoma mbele ya darasa. Aliyetajwa alichukua mfuko wake akatoka. Mwezi wa kwanza sikupata usingizi. Mwezi wa tatu niliisoma orodha ile kwa sauti ile ile niliyoitumia kusoma majina ya waliohudhuria.

Katika darasa langu la sita alikuwamo binti mmoja hodari wa hesabu. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake alikuwa mchukuzi wa mizigo, akiipandisha kutoka ziwani mpaka soko la Kadutu. Siku moja nililisoma jina lake, naye akatoka. Kesho yake nilimwona amesimama nje ya dirisha, daftari ameliegemeza ukutani, anaandika somo. Nilimwona vizuri. Niliendelea kufundisha. Tena nilipaza sauti kidogo ili asikie, nikajiona kuwa mtu mwema. Baada ya juma moja dirisha likawa tupu, nami sikuuliza.

Hakuna aliyenizuia kwenda kwa mama yake. Hakuna aliyenizuia kusema na mkurugenzi, au kuipeleka habari hiyo mbele ya kamati ya wazazi. Ningeweza hata kukataa kuisoma orodha ile kwa kinywa changu, wakaisoma wengine. Sikufanya hata moja kati ya hayo, na sababu yake haikuwa ukatili. Nilikuwa nimezoea. Miaka mingi baadaye nilikutana naye sokoni akiuza nyanya. Aliniita «Mwalimu», akaniuliza habari za watoto wangu, akanichagulia nyanya zilizo nzuri. Mimi sikuwa na ujasiri wa kumwuliza alimalizia wapi masomo yake.

Akina mama wachukuzi wana sugu pale kamba inapokaa juu ya paji la uso. Sugu ile humlinda mtu asichubuke, lakini mahali penye sugu hapahisi moto wala baridi. Nilikuwa nimeota sugu moyoni, nami nikaiita nguvu.

Sasa tazameni jinsi sugu ya mtu mmoja inavyokuwa sugu ya nchi nzima. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 yasema katika kifungu chake cha 43 kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za umma. Hata hivyo sisi tuliendelea kusoma orodha zetu. Ilipasa kungoja mpaka Septemba 2019 ndipo bure hiyo ikaanza kutekelezwa nchini kote. Hiyo ni miaka 13. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule wa 2006 alikuwa na muda wa kutosha kumaliza msingi wote na sekondari yote kabla sheria iliyoandikwa kwa ajili yake haijatekelezwa. Kosa la kwanza ni la watawala, sitalificha. Lakini sisi walimu, wazazi na wakurugenzi tulikuwa wapi miaka hiyo 13? Tulikuwa tumezoea. Wahenga walisema kwamba kawaida ni kama sheria. Kwetu sisi kawaida iliishinda sheria, tena bila kupigana.

Nyote mnakijua «kifungu cha 15». Ni mzaha wa zamani kuliko umri wangu, na maana yake ni: jitafutie, hakuna atakayekusaidia. Tunautaja tukicheka. Lakini ni wangapi kati yenu mmewahi kukisoma kifungu cha 15 cha kweli, kilichomo katika Katiba hiyo hiyo ya 2006? Kinawaamuru wenye mamlaka kuhakikisha kwamba ukatili wa kingono unakomeshwa, na kinasema kwamba ukatili huo, ukitendwa kwa nia ya kuvunja familia na kuangamiza watu, ni kosa la jinai dhidi ya ubinadamu. Kifungu cha mzaha tunakijua kwa moyo. Kifungu cha kweli, kilichoandikwa kwa ajili ya dada zetu, hatukijui. Je, huo ni ustahimilivu?

Najua mtakalonijibu: «Mwalimu, bila kujitafutia tungekula nini?» Jibu hilo ni la haki, nami sitalipita kando. Ninamheshimu kijana anayeteremka na chukudu akiwa na mifuko ya makaa kabla jua halijachomoza. Ninamheshimu mama anayeuza sombe ukingoni mwa barabara ili mwanawe apate kalamu. Mimi mwenyewe nimesomesha watoto wangu kwa kufuga sungura na kulima muhogo, maana chaki peke yake haikutosha. Ugomvi wangu si na mkono unaofanya kazi. Ugomvi wangu ni na mdomo unaosema, mkono ukiendelea kufanya kazi, kwamba mambo hayakuumbwa kuwa namna nyingine. Kujitafutia chakula cha leo ni wajibu. Kukubali kwamba hata wajukuu zako watajitafutia hivyo hivyo ni jambo jingine kabisa.

Wapo pia wanaoyavika mazoea haya kanzu ya dini. Husema: ni msalaba, tuubebe. Ndugu zangu, msalaba ni mzigo anaoubeba mtu kwa ajili ya kweli na kwa ajili ya wengine. Noti inayotolewa kimya kimya kwenye barieri haibebwi kwa ajili ya mtu yeyote, na kesho yake hurudi kudai noti kubwa zaidi. Msilichanganye tendo la kupenda na tendo la kuogopa.

Sasa niseme juu ya kosa la pili, ambalo ni la wazee wenzangu. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba shida ndiyo mwalimu, na kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nimesomea ualimu, na kwa kazi yangu hiyo nasema ulimwengu ni mwalimu mbaya sana. Huchapa kwanza, tena hauelezi kosa. Hurudia somo lile lile miaka ishirini bila kutazama kama mwanafunzi ameelewa. Vijana wawili hupita katika vita ile ile; mmoja hutoka na moyo wa huruma, mwingine hutoka akitafuta bunduki yake mwenyewe. Kama mateso yangekuwa yanafundisha yenyewe, mkoa wetu ungekuwa umejaa wenye hekima kuliko mahali pote duniani.

Basi ni nini kinachofundisha? Nitawaambia nilivyoonyeshwa nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu. Kila mmoja wetu alipaswa kutoa somo la majaribio mbele ya watoto wa kweli, wenzake wakiwa wamekaa nyuma wakiandika. Somo likiisha, watoto hutoka kucheza, na hapo ndipo kazi kubwa ilipoanza: kulihakiki somo. Wa kwanza kusema alikuwa yule yule aliyefundisha. Alitakiwa aseme kilichotokea, mahali alipokosea, na jinsi ambavyo angefanya kama angelirudia. Baada yake walisema wenzake, na mwisho mwalimu wetu. Siku yangu ya kwanza nilisimama nikasema kwamba somo lilikwenda vizuri. Mwalimu wetu akaniuliza kwa upole: «Na wewe ulikuwamo darasani?» Wote wakacheka. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kuwapo mahali jambo linapotokea si sawa na kujifunza kutokana na jambo hilo. Mwenye kufanya kosa mara mia bila kulirudia kwa akili hajapata mafunzo mia. Amepata mazoea.

Huu ndio moyo wa maneno yangu. Ustahimilivu hujengwa katika mambo ya kila siku, lakini haujengwi na mambo yenyewe. Hujengwa na mtu anayeketi jioni akairudia siku yake kama mwalimu mwanafunzi anavyolirudia somo lake. Wazee wetu katika imani waliita jambo hili kuchunguza dhamiri, nasi tumelifanya kuwa desturi ya dakika mbili kabla ya kulala. Ninawapendekezea maswali manne. Leo kimetokea nini? Mimi nilifanya nini? Kesho nitafanya nini? Na la nne, ambalo wenye semina hulisahau: ni nani aliyepaswa kufanya jambo, naye hakulifanya? Bila swali la nne, mtu hujibebesha makosa ya nchi nzima akavunjika mgongo. Bila lile la pili, humlaumu kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe, na hapo pia haendi mbele.

Nitatoa mfano mmoja mdogo. Kijana mmoja ninayemfahamu anaendesha pikipiki ya kubeba abiria. Kila asubuhi alilipa kwenye barieri ile ile, naye alikuwa amezoea. Nilimwomba aandike kwa mwezi mmoja, jioni kwa jioni, kiasi alichotoa na sababu aliyoambiwa. Mwezi ulipokwisha alijumlisha, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaona jambo ambalo hakulitarajia: siku kadhaa alisimamishwa kwa sababu bima yake ilikuwa imekwisha. Sehemu hiyo ilikuwa yake, akaitengeneza kwanza. Sehemu iliyobaki haikuwa yake. Akaenda kwa wenzake wa kituo, wakalinganisha madaftari, wakaandika barua yenye tarehe na hesabu, wakaipeleka wakiwa kundi. Sitawadanganya: barieri haikuondolewa. Lakini siku hizi hudai karatasi ya malipo, na mara nyingi yule asiye na karatasi ya kuwapa huwaacha wapite. Zaidi ya hayo, kijana yule hasemi tena kwamba amezoea. Analijua jambo hilo kwa jina lake, anajua linamgharimu kiasi gani, na anajua nani wako pamoja naye. Anaweza kulibeba kwa sababu ameacha kulikubali.

Mmeona kwamba hakwenda peke yake. Hapa pia sifa tunazopewa zina udanganyifu, maana zinazungumza kana kwamba nguvu hukaa ndani ya kifua cha mtu mmoja. Wafikirieni ndugu zetu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu kwa mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Baada ya siku chache wakaanza kurudi, mawe yakiwa bado ya moto. Waliyavunja mawe yale yale yaliyozika nyumba zao, wakayafanya kuta za nyumba mpya. Dunia iliwasifu, na walistahili sifa. Lakini tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena usiku, bila onyo. Watu zaidi ya 30 walikufa, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Katika miezi iliyotangulia, wachunguzi wa volkano walikuwa wamepungukiwa fedha hata za kulipia intaneti ya kupokea habari kutoka katika vipimo vya mlimani. Mtu aliyejenga upya kwa mikono yake alikuwa amefanya sehemu yake, tena kupita kiasi. Sehemu iliyokosekana haikuwa ya moyo wake. Anayemsifu kwa ushujaa ili asiulize habari za vipimo anamwibia mara ya pili. Na waliokimbia waliokolewa na nini siku zile? Walipokelewa na familia na parokia za Sake, za Bukavu na za kwingineko, ambako mtu aligawa godoro moja kwa watoto watatu.

Katika mji huo huo wa Goma aliishi Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981, naye alifanya kazi katika ofisi ya kuchunguza bidhaa zinazoingia nchini. Vyakula vilivyoharibika vililetwa mpakani, naye akapewa fedha ili aviruhusu kupita. Je, mnadhani mpakani hapakuwa na wa kumwambia kwamba wengine walisha kuzoea? Alikataa. Mnamo Julai 2007 alitekwa nyara na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma. Simtaji ili mtafute kufa, nawataka mwishi. Namtaja kwa sababu kukataa kwake hakukuanzia siku ile ya mtihani. Kijana huyu alikuwa na marafiki wa kusali nao katika jumuiya ya Sant'Egidio, na kila juma alikaa na watoto wa mitaani, wale ambao mji ulikuwa umezoea kuwapita bila kuwaona. Mtu ambaye moyo wake ulikataa kuwazoea watoto hao hakuweza kuzoea chakula kibovu kuingia vinywani mwao. Nguvu ya siku kubwa aliikusanya katika siku ndogo.

Nanyi msiitafute shule hii mbali. Mama zenu wanayo tayari, inaitwa likelemba. Kila juma kila mmoja hutoa kiasi walichopatana, na mmoja hupokea. Mtoto wa mmoja akiugua, wenzake humfidia, naye baadaye hurudisha. Humo mtu hujifunza kutunza neno lake, kuomba msaada bila aibu, kuhesabu bila kudanganya, na kusubiri zamu yake akijua kwamba zamu hiyo ipo kweli. Huo ndio uvumilivu ninaoukubali. Mvumilivu hula mbivu, ndiyo, lakini ni pale ambapo kuna aliyepanda. Anayengoja chini ya mti usiopandwa hatumwiti mvumilivu.

Basi nawaomba jambo moja la kweli. Kwa mwezi mmoja, katika kikundi chenu, neno «tulisha kuzobelea» lisitamkwe bila mwenzako kukuuliza: umezoea nini hasa, na tangu lini? Kila mmoja awe na daftari dogo. Mkutanapo Jumamosi, kabla ya nyimbo, wawili au watatu wasome walichoandika, na wengine wasikilize kama tulivyosikilizana tukihakiki masomo yetu. Mtakuta mambo ambayo ni yenu kuyatengeneza. Yatengenezeni bila kuchelewa. Mtakuta mengine ambayo si yenu peke yenu. Hayo yaandikeni, myalete kwetu sisi wakubwa, wala msikubali tuwajibu kwamba tumezoea.

Mimi bado sijajua yule binti alimalizia wapi masomo yake. Mwezi huu nitakwenda sokoni kumwuliza.

Maswali ya kikundi

1. Taja jambo moja ambalo lilikuuma zamani na leo halikuumi tena. Je, limetengenezwa, au wewe ndiwe umeota sugu?

2. Ni nani anayesimama nje ya dirisha katika shule yetu, katika mtaa wetu, katika kikundi chetu hiki? Nani amemwona?

3. Katika shida moja ya juma hili, ipi ni sehemu yako, ipi ni ya kundi zima, na ipi ni ya wenye mamlaka? Mtaidai vipi hiyo ya mwisho, na lini?